Sifa za Dirisha la Gigiri

Nimeona wakwe wakipongezwa, washenga wakitungiwa nyimbo, mchungaji akikabidhiwa bahasha. Lakini yule anayeichunguza ndoa kuliko wote hao hajawahi kununuliwa hata soda. Namsema afisa aliyeketi nyuma ya kioo katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, anayewahoji wanaoomba viza ya kuwafuata wenzi wao ng'ambo. Mabinti wetu wa Ruiri, Meru, hushuka Nairobi kumkabili wakiwa wamefunga faili kifuani, na wanaporudi humlaani. Mimi leo namsifu.

Posa ya hapa kwetu ina mambo yake. Wazee hupokea kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, huonja asali, huhesabu mifugo, hubariki, hula. Hakuna mzee aliyewahi kumuuliza bwana harusi tarehe ya kuzaliwa ya bibi harusi, na atamuulizaje ikiwa ya mke wake mwenyewe haijui? Afisa wa Gigiri hana aibu hiyo. Anakuapisha ukiwa umeinua mkono wa kulia, kisha anataka kujua mlikutana wapi, mara ya mwisho mlionana lini, mama mkwe anaitwa nani, mumeo huingia kazini saa ngapi. Huyo ndiye mshenga wa kweli, tena halali kwa wakwe.

Lakini sifa yake kubwa ni jinsi anavyomvua mume nguo mbele ya mkewe. Kijana akirudi likizo kutoka Dallas na viatu vinavyong'aa, wakwe hukisia mshahara wake kwa kuvitazama hivyo viatu. Gigiri haikisii. Mume, akiwa mdhamini, hujaza fomu ya I-864, huambatanisha taarifa za kodi, na kuonyesha kwamba mapato yake hayapungui asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Akipungukiwa, itabidi atafute mdhamini wa kusaidiana naye, na bosi wetu huanza kuwapigia simu binamu. Kama aliwahi kuoa kabla, hati ya talaka nayo lazima iwekwe mezani. Kuna mke atakayeijua ndoa ya kwanza ya mumewe siku anapopanga makaratasi ya ndoa yake.

Cheti nacho! Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe kama nyingine, na watu waliisikia kama mvua ya nchi jirani. Serikali haikufaulu kuwatoa watu kwenye njoo tuishi. Gigiri iliposema hapana viza bila cheti, wapendanao walimtafuta msajili wenyewe, bila kusukumwa na chifu.

Ushahidi wa mapenzi ni elimu nyingine. Picha, tiketi za ndege, mazungumzo ya WhatsApp yaliyochapishwa kurasa kwa kurasa, taarifa za M-Pesa. Mume mchoyo wa maneno, akishaambiwa kwamba kila ujumbe ni ushahidi, huanza kumtakia mkewe usiku mwema kila siku. Niambieni ni semina gani ya wanandoa imewahi kufanya hivyo. Pana utata mmoja tu, nao ni picha ya posa. Uhalisi wake wote uko katika lile furushi la miraa mikononi mwa wazee, ilhali kemikali kuu ya miraa, kathinoni, imewekwa na sheria ya Marekani katika kundi moja na heroini. Bibi harusi hubaki na mkasi mkononi, akate au asikate. Ushauri wangu ni aache. Posa ya Kimeru isiyo na miraa ndiyo ya kutiliwa shaka.

Pia yupo daktari wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, na eksirei ya kifua, na ada ya viza, dola 325. Asiyetimiza hatukanwi. Hupewa karatasi yenye namba 221(g), alete kilichokosekana au asubiri. Hiyo ndoa imedumu vipi muda wote huo kwa simu hakuna anayeuliza, labda kwa sababu jibu lingekuwa refu mno kwa dirisha.

Na anayefaulu? Tangu sheria ya mwaka 1986 dhidi ya ndoa za uongo, ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili hupewa kadi ya miaka miwili tu. Inapokaribia kwisha, wawili hao hupeleka ushahidi upya. Njuri Ncheke, baraza letu la wazee wa Kimeru, pamoja na heshima yake yote kule Nchiru, haijawahi kuwaita maharusi wa juzi iwaulize kama bado wapo pamoja.

Kwa hiyo naiomba kaunti ya Meru ifungue dirisha kama hilo sokoni Ruiri, kwa ajili yetu tusiokwenda popote. Maswali yawe yale yale. Tayari nawajua wanaume ambao siku hiyo watakuwa na safari ya ghafla Isiolo.