Namna ya Kula Sikukuu ya Wachina Ukiwa Ifakara

Usianze na mwaka mpya wao. Wachina hufuata mwezi mwandamo kama sisi wa Idi, ila kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi wa 13, kwa hiyo mwaka mpya hauchezi mbali: daima uko kati ya Januari 21 na Februari 20. Wakati huo ada za shule zimekwisha kukukomba na mpunga ndio kwanza unapandwa. Tena desturi inataka wakubwa wawape watoto fedha katika bahasha nyekundu. Ukibanwa sana, toa bahasha.

Wewe subiri sikukuu ya mashua za joka, siku ya tano ya mwezi wao wa tano, mara nyingi Juni, ghala likiwa limenona. Husimuliwa kwamba zaidi ya miaka 2,000 iliyopita mshairi Qu Yuan alijitosa katika Mto Miluo. Watu wakakimbiza mashua kumtafuta, wakamwaga wali majini ili samaki washibe, wamwache mwenyewe. Mto unao, mitumbwi unayo, mchele ndiyo usiseme. Ila kabla hujamwaga mchele wa Kilombero mtoni, mwombe mama watoto ruhusa.

Kazi iko jikoni. Wali wao hufungwa kwa majani ya mwanzi na kuchemshwa saa kadhaa hadi ushikane. Wa kwetu sifa yake ni kuchambuka, punje na punje. Bi harusi akipakua bokoboko, mawifi wataitisha kikao. Basi tangaza mapema kwamba hiki ni chakula cha Kichina. Mwanzi ukikosekana, kata jani la mgomba, lipitishe juu ya moto lilegee, ndipo ufunge.

Watazamaji wapange juu ya Daraja la Magufuli. Mpiga ngoma akae mbele ya mtumbwi, akiwatazama wapiga kasia. Joka la kuchonga si lazima, mamba wapo. Akiibuka kiboko, mshindi ni yeyote atakayefika ukingoni.

Ya Aprili mwanzoni, Qingming, haina mzaha: ni siku ya kusafisha makaburi. Panda treni ya TAZARA mpaka Dar es Salaam, uende Gongo la Mboto. Huko wamelala Wachina waliofia kazini nchini, wengi wakati wa ujenzi wa reli hiyohiyo uliyopanda, kilomita 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Fagia, weka maua, wahi usafiri. Hotuba waachie watu wa ubalozi wao.