Kutu Haijazi Fomu

Ukitaka kujua chumvi inavyokula chuma, njia ya zamani ni kukiacha ufukweni na kurudi mwakani kupima kilichobaki. Njia ya kisasa ni potenshostati, kisanduku kinachosukuma umeme kidogo kwenye chuma kilicholowa, kisha kinakwambia kinaoza kwa kasi gani kabla hata hujapata chakula cha mchana. Hayo ni maneno ya tangazo. Tangazo halisemi kwamba anayehojiwa kwanza ni wewe, utadhani umekwenda kuposa binti wa watu: unaanzia wapi, unaishia wapi, unakwenda kwa mwendo gani, na eneo lako lina ukubwa gani. Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Dar es Salaam, kwa hiyo kila siku mshenga ni mimi.

Kutu yenyewe haina habari na hayo. Nondo zilizochomoza juu ya nyumba isiyokwisha kule Kigamboni zinaliwa na upepo wa bahari bila mtu kubofya popote. Ni sisi tunaotaka kuipima ndio tunaojaza fomu.

Tuanze na waya. Ndani ya bika kuna maji ya chumvi ya asilimia 3.5, kuiga bahari, na elektrodi tatu. Ya kwanza ni kipande cha nondo, kimezungushiwa gundi ngumu ili ubaki uso mmoja tu, nao umesuguliwa kwa msasa namba 600. Ya pili ni platini ya kufunga mzunguko wa umeme. Ya tatu ni rejea, ya fedha na kloridi ya fedha, ambayo kazi yake yote duniani ni kutoyumba. Rangi za waya kila kiwanda kina zake, kwa hiyo uliyojifunza kwenye mashine ya jana yasahau. Na kipovu cha hewa kikinasa kwenye ncha ya rejea, mstari kwenye skrini unatetemeka mwanzo hadi mwisho. Dawa yake ni kuigongagonga kwa ukucha mpaka kipovu kipande juu. Mashine ya mamilioni, matengenezo ya ukucha!

Waya zikikaa sawa, programu inataka nondo itulie kwanza. Unaiacha ndani ya maji saa nzima, hujaisukuma kwa chochote, unasubiri volti zake ziache kuhangaika. Kisha linakuja swali linaloniletea wateja: utaisukuma kutoka milivolti 250 chini hadi 250 juu, sawa, lakini dhidi ya nini? Ya pale ilipotulia, au ya rejea?

Juzi kijana wa mwaka wa tatu kaja mbio.

“Shikamoo, Fundi. Mbona maji yangu yamebadilika rangi?”

“Marahaba. Ulichagua dhidi ya nini?”

“Dhidi ya nini tena? Nimeacha ilivyokuwa.”

Ilivyokuwa ni dhidi ya rejea. Nondo kwenye maji ya chumvi hutulia kama milivolti 600 au zaidi chini ya rejea hiyo. Kwa hiyo tangu sekunde ya kwanza kijana alikuwa ameibeba nondo mamia ya milivolti juu ya utulivu wake, na bado akawa anaipandisha. Maji yaliingia ukijani kwanza, yakaishia kahawia, na chini ya bika kukabaki tope. Hapo hatujapima kutu. Tumeitengeneza.

Mwendo nao una namba ya ajabu: milivolti 0.167 kwa sekunde. Usiogope, ni milivolti 10 kwa dakika tu, iliyovalishwa suti. Kwa mwendo huo safari ya milivolti 500 inachukua dakika 50, na wenye haraka huwa wanaongeza kasi kwa siri. Grafu inatoka nzuri tu, ila si ya chuma kilichopewa nafasi ya kujibu.

Eneo? Programu imeshajaza sentimita moja ya mraba, kwa ukarimu. Nondo ya milimita 12 iliyokatwa ina 1.13. Ukiacha ile moja, umeisingizia nondo kutu ya asilimia 13 ambayo haijaitenda.

Lakini swali linalonipandisha presha ni la mwisho. Ili kugeuza ukinzani wa nondo, unaosomwa kwenye grafu hiyo, kuwa kasi ya kutu, tunatumia hesabu ya Stern na Geary ya mwaka 1957, na hesabu hiyo inadai namba ya pembeni. Programu imeshaiweka: miteremko miwili ya milivolti 120, ambayo ukiichakata inakupa 26. Nani kaipima? Hakuna. Sasa tuseme uso wa sentimita moja ya mraba umeonyesha ukinzani wa ohm 2,600. Kwa 26 unapata maikroampea 10, yaani nondo inapoteza karibu milimita 0.12 kwa mwaka. Wapo wanaotumia 52, kwa chuma kilichotulia ndani ya zege. Badilisha namba hiyo tu, na nondo ileile, kwenye bika lilelile, inaoza mara mbili. Chumvi haijaongezwa hata chembe. Kilichosogea ni kidole.

Na programu haina haya, inakuletea jibu lenye desimali sita.

Kisha ripoti inaandikwa: “Vipimo vilifanyika kwa mashine ya kisasa.” Basi! Eneo halitajwi, mwendo hautajwi, 26 imetoka wapi haitajwi. Msomaji anaachiwa desimali sita na picha ya rangi.

Ndiyo maana nimebandika karatasi mlangoni: HAKUNA GRAFU INAYOTOKA HUMU BILA MIPANGILIO YAKE. Wanafunzi wamenuna, wanasema Fundi amezidi ukali. Dokta mmoja alipita, akaisoma taratibu, akauliza kama na yeye inamhusu.

“Inakuhusu zaidi, Dokta,” nikamwambia. “Hao wote wamenakili mipangilio yako.”