Jinsi ya Kujifanya Fundi Gari Linapomisi Mlima wa Kadutu

Gari lako ni la zamani. Lilitoka Japani, likashushwa bandari ya Dar es Salaam, usukani wake uko kulia ilhali Kongo tunatembea kulia mwa barabara, na leo taa ya injini imewaka. Usibabaike. Hakuna anayelazimika kujua kwamba hujui. Nitakupitisha mbele ya majirani, mbele ya shemeji, na hasa mbele ya fundi, uso wako ukiwa wa mtu aliyekulia chini ya kapo. Sharti langu ni moja tu: danganya watu, injini usiidanganye.

1. Sikiliza huku umekunja ndita

Gari likienda vizuri kwenye tambarare ya Kavumu, halafu likaanza kumisi, yaani kukatakata, mara tu unapoushika mlima wa Kadutu hapa Bukavu, tikisa kichwa pole pole useme: "Silinda moja imelala." Mara nyingi utakuwa umesema kweli. Injini ikibeba mzigo, hewa na esansi hushindiliwa zaidi ndani ya silinda, na cheche huhitaji umeme mkali zaidi ili iruke kwenye ncha ya buji. Buji iliyochoka, au bobini iliyopasuka, hujificha barabara ikiwa tambarare. Mlimani inaumbuka.

Ila usiite kila uzito ugonjwa. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu iliyokuwa nayo siku iliposhuka melini. Udhaifu wa mwinuko hautetemeshi gari wala hauji na kuondoka. Shemeji akisema gari lako ni zito, mtajie mita hizo, akae kimya.

2. Taa usiibandike skochi

Najua umewaza. Skochi nyeusi juu ya taa, abiria hawaoni, heshima imebaki. Lakini taa hiyo ina lugha mbili. Ikiwaka na kutulia, una muda: fika kazini, rudi, kesho utatafuta. Ikipepesa, esansi ambayo haikuungua inatoka mbichi na kwenda kuungulia ndani ya katalizeri, kile chombo cha kusafisha moshi kilichofungwa kwenye bomba la nyuma. Ndani yake mna platini na paladi, na joto hilo linaweza kukiyeyusha. Ondoa mguu kwenye mafuta, egesha, zima. Abiria waambie unampigia mtu simu.

Kuchomoa bateri ili taa izimike nako ni kujichezea. Kodi, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya injini, inafutika, pamoja na kumbukumbu ya hali ambayo injini ilikuwa nayo ilipoanza kumisi. Ugonjwa unabaki, ushahidi umekwenda.

3. Soma kodi kwa waya

Hapa ndipo utakapong'aa, kwa hiyo fanya mbele ya watu.

Kama ni Toyota ya miaka ya 1990, fungua kapo utafute kijisanduku cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ndani ya kifuniko chake kuna ramani ya matundu. Tafuta TE1 na E1, uyaunganishe kwa kipande cha waya. Usikosee tundu: mengine yana umeme wa bateri. Sasa geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Taa ya injini itaanza kuhesabu. Ikipepesa mara moja, ikapumzika, ikapepesa mara nne, hiyo ni 14: kompyuta haipati jibu kutoka mfumo wa cheche, basi kagua delko na nyaya zake. Mbili kisha mbili ni 22, kihisio cha joto la maji. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina la kulalamika. Usifurahi haraka: kompyuta hizo za zamani nyingi hazitambui silinda ipi inamisi, na buji inaweza kufa bila kuacha kodi yoyote.

Magari mapya zaidi yana tundu la pini 16 chini ya usukani, mtindo ambao Marekani iliulazimisha kwa magari yote ya mwaka 1996 na kuendelea. Chomeka kifaa kidogo, soma kwenye simu. P0300 ni kumisi kusikochagua silinda. P0301 hadi P0304 zinakutajia silinda yenyewe. Kwenye Toyota nyingi za silinda nne, ya kwanza iko upande wa mikanda. Kodi haikuambii ununue nini. Anayekimbilia dukani na P0302 mkononi kununua bobini anacheza bahati nasibu.

4. Hamisha, usinunue

Huu ndio ujanja ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hauli hata faranga. Umepata P0302? Zima injini, iache ipoe. Chomoa bobini ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, ya tatu iende ya pili. Futa kodi, panda Kadutu tena. Ikirudi P0303, bobini imejitaja. Ikibaki P0302, hamisha buji vivyo hivyo. Kabla ya kuirudisha, iangalie mchana kweupe: rangi ya kahawia ni afya, masizi makavu ni esansi nyingi mno, mafuta ya kunata ni oli inayopanda kutoka chini, na ikilowa esansi, cheche haikufika. Buji nayo ikiwa haina hatia, wanabaki injekta na kompresheni, na hapo ndipo kujifanya kwako kunapokoma.

5. Silinda zote zikilalamika

Shuku tangi. Chota esansi kwenye chupa nyeupe, mbali na moto na sigara, uiache itulie: maji yatakaa chini. Dondosha tone kwenye karatasi: esansi safi huruka isiache doa, mafuta ya taa huacha doa la grisi. Usimtukane Kadhafi, yule muuza esansi wa kidumu cha barabarani. Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo.

6. Ingia garaji

Salimia kwanza. Kisha sema mara moja tu: "Papa fundi, ni P0302. Bobini nimehamisha, buji nimehamisha, kodi haikuhama. Naomba unipimie kompresheni." Nyamaza. Ukiongeza neno utajulikana.

Akimaliza kupima, mlipe, hata kama hakubadilisha kitu. Wengi wetu tunakataa, tunasema hakufanya kazi, na hivyo tumewafundisha mafundi wetu kwamba mkate unapatikana kwa kuuza kipuri tu. Basi wanauza. Patana naye bei ya kupima kabla hajafungua kapo, na umpe mkononi siku hiyo hiyo.