Baridi, Kashata na Kete Moja Pungufu

Jumatatu, 6 Januari
St. Paul, Minnesota. Nyuzi 21 chini ya sifuri. Daktari amempa mwanangu karatasi yenye mambo ya kumchangamsha mzee majira haya, naye ameibandika kwenye friji: matembezi, michezo ya mezani, bustani, uvuvi. Nina miaka 72 na nimechangamka mara nyingi bila karatasi, lakini nyumba si yangu.

Nilifua kikoi nikakianika roshani, kama kwetu Tanga. Baada ya saa moja kikawa ubao. Nikakiingiza ndani kikiwa wima, nikakisimamisha kando ya mlango wa jikoni, nikaenda kutafuta beseni. Mkwe wangu akaingia kutoka kazini, taa bado hazijawashwa, akakiambia, "Shikamoo, baba."

Nikaitikia kutoka bafuni. Hatukulizungumza tena.

Alhamisi, 9 Januari
Matembezi. Wazee wa huku hutembea ndani ya Mall of America, kule Bloomington, asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa. Njia za ndani hazina mitambo ya kupasha joto. Wanategemea jua linalopita kwenye paa la kioo, taa, na miili ya watu. Kwa hiyo leo nimekuwa jiko. Nilizunguka mara mbili, nikasimama kuwatazama vijana wakirekebisha pembea, kwa maana katikati ya jengo kuna uwanja mzima wa michezo. Kisha nikatafuta gari kwa dakika 50. Nilikuwa nakumbuka vizuri kwamba tuliegesha karibu na nguzo.

Jumanne, 14 Januari
Nimepeleka bao kwenye kituo cha wazee. Mashimo 32, kete 64. Zilikuwa 63. Moja nadhani imebaki barazani Ngamiani, kule Tanga, na najua nani ameikalia. Nikakata kifungo cha koti kikashika nafasi yake.

Nilimfundisha bibi mmoja wa miaka 84, mwalimu mstaafu wa hesabu. Aliuliza maswali mawili tu. Mchezo wa kwanza nilimwachia, kwa heshima ya umri wake. Wa pili sikumwachia, akanifunga nikiwa bado na kete mkononi. Ameomba bao libaki kituoni hadi wiki ijayo. Limebaki, pamoja na kifungo.

Jumamosi, 18 Januari
Uvuvi. Jirani amenipeleka Ziwa White Bear. Wanasema barafu mpya ngumu ya inchi 4 humbeba mtu anayetembea. Jirani akatoboa kwa keekee ndefu kama mimi, akatia rula: inchi 13. Nilimwomba apime tena. Akapima. Nikamwomba apime pale nitakapokaa.

Mimi nimekulia ngalawani, na ngalawani kama mambo yameharibika unajua uko juu ya maji. Huku kuna kibanda cha turubai, viti viwili na jiko dogo la gesi. Sakafu ni bahari iliyofumba mdomo, na katikati tundu lisilozidi sahani, maji meusi yakicheza ndani. Kila baada ya muda tundu linaanza kuganda, jirani analichota vipande vya barafu kwa upawa wenye matundu. Kazi hii nikapewa mimi. Ndoana nikanyimwa kwa sababu sina leseni. Koti halifungiki kifuani, sababu imeshaelezwa.

Kwa muda wa saa mbili tukawa kapa. Nikatoa kashata za njugu nilizopika mwenyewe. Ukiwa umevaa glavu, kashata haishikiki. Moja ikatumbukia tunduni, ikazama polepole, tukiitazama wote wawili kama jeneza la chifu. Dakika tatu baadaye mshipi wa jirani ukavutwa. Samaki wa urefu wa kiganja, akamrudisha majini. Akaniambia ni sadfa. Kisha akauliza nimebakiwa na ngapi.

Jumatano, 22 Januari
Bustani ya vioo ya Como Park, ilifunguliwa mwaka 1915. Ndani joto, harufu ya udongo mbichi, na mitende inayogusa dari. Miwani ikapata ukungu, kwa hiyo robo saa ya kwanza nimeisikia tu. Nilivua koti, sweta mbili na skafu, nikasinzia benchini. Mjukuu akanipiga picha, akaituma Tanga. Kaka yangu amejibu kwamba kumbe hadithi zote za baridi zilikuwa za kuombea hela.

Ijumaa, 24 Januari
Jirani amebisha hodi. Kesho alfajiri ziwani, na amesisitiza nisisahau "vile vitu." Nimepika kashata 12. Mjukuu amekula nne. Bibi wa kituoni amepiga simu kusema kifungo amekipoteza.