Mshauri wa Sakafu: Sebule ya Mbao Nyeusi

Barua ya kwanza safari hii imetoka Baraka, na mwandishi wake amejiita Mama Giza. Sebule yake, anaeleza, ni mbao nyeusi toka mlangoni hadi kwenye plafo: fremu za madirisha, bife ya sahani, fotei nne za mikono ya kuchongwa, na meza ya katikati ambayo bwana wake aliipaka verni mara tatu kwa kuwa mara mbili hazikumridhisha. Sasa nyumba inatafuta tapi. Bwana anataka ya kahawia iliyokolea, ifanane na mbao. Mama anataka nyeupe, ishindane na mbao. Wifi yake, aliyekuja kusalimia tangu Pasaka na bado anasalimia, anataka nyekundu yenye picha ya simba.

Mshauri wa Sakafu hana kawaida ya kuingilia ndoa za watu, kwa hiyo ameanza na simba. Simba hapana. Mnyama huyo ana kichwa na miguu, maana yake zulia linakuwa na juu na chini, na anayekaa upande wa pili wa meza atamwona kapinduka siku zote. Wifi ashonewe mto wa kiti wenye simba, mazungumzo yaendelee.

Bwana naye ana kosa la wengi. Mbao nyeusi hunywa mwanga. Zikitandikiwa sakafu ya rangi yao, chumba kinapoteza mipaka: ikifika saa kumi na mbili jioni na taa ya sola haijawashwa, mgeni ataitambua kona ya meza kwa goti lake. Tena imani kwamba rangi iliyokolea huficha uchafu ni ya watu wasioshika ufagio. Mchanga wa ufukweni na vumbi la kiangazi ni vyeupe-vyeupe, na juu ya kahawia nzito kila chembe hujitangaza.

Kuhusu weupe anaoutaka Mama, kuna Mfaransa wa kuulizwa. Michel Eugène Chevreul alikuwa mkuu wa upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, jijini Paris, panapofumwa mazulia ya kutundika ukutani. Wafumaji walimlalamikia kwamba nyuzi zake nyeusi hazikolei. Alipozichunguza aliziona hazina hatia. Shida ilikuwa rangi zilizofumwa kando yake. Kitabu alichokitoa mwaka 1839 kinaeleza jambo hilo kwa kirefu: jicho huipima rangi kwa jirani yake. Mbao nyeusi zikiwekwa juu ya cheupe kitupu huzidi kuwa nyeusi, na fotei nne za Mama Giza zitaonekana kama wafiwa wanne wanaosubiri kahawa. Hayo ni kabla ya mvua ya kwanza, kabla ya watoto, na kabla ya jirani kuingia na beseni la ndagala.

Mshauri anawapeleka wote wawili katikati: rangi ya asali, ya nyasi za Julai, au ya tofali lililochomwa, yenye nakshi ndogondogo zinazomeza madoa, na ndani ya nakshi hizo upite uzi mwembamba wa kahawia ili mbao zisijione zimetengwa. Lakini pesa isitoke mfukoni kabla ya kujua weusi wenyewe ni wa nini. Mvule ukikatwa huwa na umanjano, kisha mwanga unaugeuza kahawia mwaka hadi mwaka. Mninga una wekundu ndani yake. Fanicha nyingine haina haya wala yale. Imekuwa nyeusi kwa verni, au kwa oili chafu ya gari iliyopakwa kuwazuia mchwa. Mbao yenye wekundu hupendeza karibu na buluu au kijani kilichotulia. Yenye umanjano hupatana na nyekundu ya matofali. Ile ya oili chafu haipatani na zulia lolote mpaka miguu ya kiti ivalishwe vipande vya mpira au ngozi, kwa sababu doa la oili halina sabuni.

Kisha taa. Taa nyingi za sola hutoa mwanga mkali wa kelvini 6,000 hivi, wenye ubuluu, na chini yake asali hugeuka majivu. Zulia lililopendeza sokoni saa tano mchana linaweza kuingia nyumbani usiku na uso mwingine. Anayeuza akikataa kuliazima kwa usiku mmoja, basi akate uzi wa pembeni, ukaangaliwe chini ya taa ya nyumbani. Taa ya kelvini 3,000, yenye umanjano, huurudisha wekundu wa mbao, na pengine ndiyo dawa nzima ya giza la Mama Giza. Balbu ni nafuu kuliko tapi.

Baraka iko ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo jua la asubuhi hutokea upande wa maji na kuingia ndani hadi kwenye bife. Watu wa makumbusho wanalijua tatizo hilo. Zulia la Ardabil, lililofumwa Uajemi na kutiwa tarehe inayolingana na miaka 1539 na 1540, lipo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, na huwashiwa taa dakika kumi tu katika kila nusu saa ili rangi zisififie. Mama Giza hana haja ya kuwa mkali kiasi hicho kwa wageni wake. Afunge rido mpaka saa nne, na kila baada ya miezi michache aligeuze zulia upande, liungue sawasawa.

Ukubwa ndio unaowashinda wengi, tena kwa ubahili. Zulia dogo katikati ya fotei kubwa nyeusi huonekana limesahauliwa na mpangaji aliyehama. Miguu ya mbele ya fotei zote ikanyage zulia. Ya nyuma ibaki sakafuni. Kwa sebule ya mita nne kwa tano, lile la mita 1.6 kwa 2.3 ni dogo. La mita mbili kwa tatu linaanza kusema kitu. Vipimo vichukuliwe kwa kamba, siyo kwa kukadiria kwa macho ya dukani.

Barua ya pili imeshuka kutoka Minembwe, na Mshauri ameisoma akiwa amekaa vizuri. Tangu 2017 mapigano yameteketeza vijiji vingi vya Nyanda za Juu za Fizi na mifugo mingi imeporwa, kwa hiyo mtu anayeuliza habari za zulia huko ana sebule iliyobaki imesimama, na anastahili jibu la kweli. Mwandishi anajiita Mzee wa Baridi. Viti vyake na nguzo zake vimekuwa vyeusi kwa moshi wa miaka, siyo kwa verni. Mwanawe aliye Nairobi alimletea zulia linalong'aa, na wiki ileile kaa moja lilianguka kutoka kwenye mbabula likaacha shimo la ukubwa wa kikombe. Anauliza kama amedanganywa.

Hakudanganywa, Mzee. Zulia hilo ni la plastiki iitwayo polipropilini, kama yalivyo mengi yanayotoka kwenye mashine za Gaziantep huko Uturuki. Plastiki hiyo ina sifa zake: hainywi maji, haipandwi na nondo, na kwa Baraka inafaa kabisa kwa kuwa husuguliwa kwa sabuni ikakauka juani. Ila huyeyuka ikifikia nyuzi joto 160 hivi za Selsiasi, na kaa jekundu limezipita zamani. Sufu inahitaji nyuzi zaidi ya 500 ndipo iwake. Kaa likiiangukia huunguza palepale, hunuka nywele, na mara nyingi moto haupandi. Kwa nyumba iliyo juu ya mita 2,000, ambako usiku ni wa blanketi mbili, sufu ndiyo yenye heshima. Kondoo wengi wa pande hizi, bahati mbaya, wana nywele badala ya sufu, na zulia la sufu litatoka mbali.

Na likitoka mbali litapanda mlima. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Minembwe ni kupanda, na sehemu kubwa ya safari hutegemea pikipiki au miguu ya watu. Mwaka 1965, Che Guevara alipovuka kutoka Kigoma kuja kupigana katika milima ya Fizi, aliandika kwa masikitiko kwamba wapiganaji walikataa kubeba mizigo wakimwambia wao si magari. Walikuwa na hoja. Zulia la sufu la mita mbili kwa tatu lina uzito wa kilo 15 hadi 24, na likilowa kwa mvua njiani huongezeka, maana sufu inaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake. Mzee aliagize kiangazi, lifungwe kwa turubai.

Kwa sasa, shimo analo na dawa anayo. Ngozi ya ng'ombe ya rangi ya maziwa yenye mabaka mekundu, ikitandikwa juu ya shimo mbele ya kiti chake, itafanya kazi ambayo Gaziantep haikuiweza: itaangaza mbao nyeusi, na haitayeyuka. Iwe imetiwa dawa kwa magome ya miwati au njia nyingine ya kweli, kwani ngozi iliyokaushwa kwa chumvi na jua pekee hulainika masika, hunuka, na kuita wadudu. Chini yake, kama sakafu ni ya udongo, utangulie mkeka wa matete ili hewa ipite. Na mbabula isiwashwe chumba kikiwa kimefungwa, kwa sababu hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Hilo halihusu zulia, lakini Mshauri hawezi kulinyamazia.

Mwalimu mmoja kijana wa Fizi amepata kwa rafiki yake wa Kananga kipande cha velu ya Kasai, anataka kukitandika chini ya meza nyeusi ya kahawa. Mshauri anamwomba, kwa upole, aondoe viatu vyake hapo haraka. Kitambaa hicho cha Wakuba hufumwa na wanaume kwa nyuzi za mrafia, kisha wanawake hukitarizi na kukata ncha za nyuzi moja moja hadi zisimame laini. Wekundu wake wa jadi hutokana na unga wa tukula, mti wa jamii moja na mninga, ndiyo maana karibu na mbao nyekundu kinakaa kama mtu wa nyumbani. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alikuwa navyo kadhaa, na alivitundika ukutani. Mwalimu naye akitundike ukutani, juu ya ile meza, mbali na jua la dirishani. Sakafuni aweke mkeka wa kawaida usio na nakshi, maana ukuta utakuwa umekwisha kusema mengi.

Msomaji mwingine wa Fizi ana sebule ndefu ya kupokelea kwaya nzima, na sokoni hakuna zulia la kuitosha. Ameona mawili yanayofanana, anaogopa kuyashona pamoja watu wasije wakamcheka. Wakicheka awapeleke Muscat. Zulia la msikiti mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, lina ukubwa wa mita za mraba 4,343 na uzito wa tani 21, na lilifumwa vipande 58 ndipo vikaunganishwa. Cha kuchunga ni mwelekeo wa malaika ya zulia. Apitishe kiganja: upande mmoja hulala laini, upande mwingine hukataa. Vipande vyote viwili vilale kuelekea upande mmoja, la sivyo kimoja kitaonekana kimekolea na kingine kimepauka ingawa vimetoka kwenye roli moja, na hakuna fundi atakayelirekebisha hilo bila kufumua.

Kutoka Marekani ameandika kijana aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia kutoka Kivu ya Kusini. Nyumba anayopanga ina zulia la rangi ya uji lililogundishwa ukuta hadi ukuta, na milango na mbao za pembeni ni nyeusi. Je, inaruhusiwa zulia juu ya zulia? Inaruhusiwa, na kwake ni hekima, kwa sababu doa la mchuzi wa mawese kwenye zulia la mwenye nyumba litalipwa kwa dola. Achague lenye nyuzi fupi, pana vya kutosha kukanyagwa na makochi, na chini aweke wavu wa mpira lisitembee. Na kwa kuwa sakafu yake imekwisha kuwa nyepesi, yeye peke yake katika barua zote hizi ana ruhusa ya rangi nzito: buluu ya nili, nyekundu ya damu ya mzee, hata zambarau akithubutu.

Seremala wa Baraka, aliyesikia kwamba safu inazisema vibaya mbao nyeusi, anauliza kwa ukali kama sasa aanze kupaka fanicha rangi nyeupe. Asipake. Apunguze verni.

Na wifi wa Mama Giza, aliyetuma kikaratasi chake mwenyewe ndani ya bahasha ileile, anauliza kama simba anaweza kuwa mdogo, pembeni, asiyeonekana sana. Mto wa kiti, sentimita 40 kwa 40.