Jogoo Mwenye Ubora wa Studio

Mjomba wangu wa Magomeni ni mtu wa Mbaraka Mwinshehe. Gwiji huyo alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, na Mjomba anaizungumzia ajali ile kama msiba wa juzi. Simu yake ina nyimbo za zamani kama 300, na karibu zote zimeingia humo kwa njia za panya.

Chukua ule anaoupenda kuliko zote. Redio iliurusha, mtu akaudaka kwa kaseti. Kaseti ikakaa juu ya kabati mpaka utepe ukaanza kulia kama mbuzi, ndipo kijana mmoja akaigeuza MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Mwisho binamu yangu wa Morogoro, ambaye kutuma faili kwake ni uchawi, akaufungulia kwenye sabufa, akaisogeza simu, akaurekodi na kuurusha kwenye grupu la ukoo kama ujumbe wa sauti. Ndiyo maana gita la solo linapokolea, jogoo anawika, na shangazi anauliza kwa ukali ni nani kachukua sufuria la wali.

Sasa kuna kijana mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu. Alimwambia Mjomba kwamba nyimbo zake ni "nyepesi", na kwamba kwa malipo kidogo atazipandisha zote ziwe FLAC, ubora wa studio. Mjomba, mtu aliyezoea kununua nyama kwa kilo, aliona hoja ina mashiko. Wimbo wa megabaiti 4 ukarudi umevimba kupita 20. Kitu kizito lazima kiwe kizuri!

Bahati mbaya, MP3 huupunguza muziki kwa kutupa sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzinasa, zile zinazofunikwa na nyingine zenye nguvu. Kilichotupwa kimekwenda. FLAC nayo ni mtunzaji mwaminifu sana: hutunza ulichompa, kiwe uhondo au uozo. Mjerumani Karlheinz Brandenburg, mmoja wa walioibuni MP3, aliinoa kwa kuusikiliza tena na tena wimbo "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, kwa sababu sauti ya mwanamke peke yake, bila ala, haina pa kufichia kasoro. Hakuna aliyefikiria kuipima kwa jogoo wa Morogoro.

Simu ikajaa. Picha za grupu zikawa viduara vinavyozunguka tu, ikiwemo orodha ya wanaodaiwa michango ya harusi ya mpwa wetu. Hilo Mjomba hakulilalamikia hata kidogo.

Kilichomuudhi ni spika yake ya bluetooth. Alitaka majirani wausikie ubora aliougharamia, nami nikajitia kumweleza kwamba bluetooth nayo huubana muziki upya kabla ya kuurusha, kwa hiyo ule uzito wote unaishia mlangoni. Akanitazama kama niliyemwambia pilau halina nyama. Kisha akabonyeza jina la spika la kwanza aliloliona, ambalo halikuwa la kwake. Upande wa pili wa ukuta, sabufa ya mpangaji mwenzake, mwalimu anayelala mchana, ikapaza sauti ya shangazi akidai sufuria. Tulisikia mlango ukifunguliwa, na mtu akiapa kwamba hajachukua sufuria la mtu.

Mjomba alirudi kibandani kudai fedha zake, kanzu imenyooshwa kabisa, hasira imepangwa. Kijana hakubishana naye. Alimvalisha hedifoni kubwa, akaufungulia wimbo na kuusogeza hadi pale pale kwenye solo.

"Shikamoo mzee, lakini hebu niambie. Umewahi kusikia jogoo safi namna hii?"

Mjomba anasema ilibidi akubali. Akalipia na memori kadi ya gigabaiti 64.