Sura Tano kwa Kila Swali: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Utafiti wa Shahada ya Kwanza

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Utafiti wa Shahada ya Kwanza,
Chuo Kikuu chochote cha Tanzania kitakachojitambua humu.

YAH: PONGEZI KWA KUDHIBITI HATARI YA UGUNDUZI MIONGONI MWA WANAFUNZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii, ambayo imeandikwa bila nafsi ya kwanza kwa kuwa Mwongozo wa Kamati haupendi mtafiti aonekane ndani ya utafiti wake, inalenga kuipongeza Kamati kwa kazi kubwa, nayo ni kumpitisha kijana katika mwaka mzima wa utafiti, kuanzia pendekezo hadi tasnifu iliyofungwa kwa springi katika stashenari ya jirani na lango la chuo, bila kijana huyo kukutana na jambo hata moja ambalo hakulitarajia. Tasnifu, kwa faida ya wasomaji walio nje ya vyuo, ni andiko ambalo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huliwasilisha kuthibitisha kwamba amejiuliza swali na kulitafutia jibu. Kamati imebaini kwamba sehemu ya swali inaweza kuondolewa na tasnifu ikabaki imesimama vilevile.

Nguzo ya mafanikio hayo ni Sura Tano. Utangulizi, mapitio ya machapisho, methodolojia, uwasilishaji wa data, kisha hitimisho na mapendekezo: ndivyo anavyotakiwa kuandika mwanafunzi wa uuguzi, ndivyo anavyotakiwa kuandika mwanafunzi wa sheria, wa jiolojia, wa hisabati na wa fasihi, kana kwamba maarifa yote ya wanadamu yalitoka katika kiwanda kimoja cha matofali. Mwanafunzi wa fasihi anayechambua diwani ya mshairi aliyekwisha kufariki huulizwa idadi ya watafitiwa, yaani watu wanaotoa taarifa kwa mtafiti, naye baada ya kutafakari huandika kwamba watafitiwa ni mashairi arobaini, yaliyoteuliwa kwa usampulishaji nasibu, na kwamba hakuna shairi lililokataa kushiriki. Mwanafunzi wa hisabati, ambaye kazi yake ni kuthibitisha nadharia kwa kalamu na karatasi, hutakiwa kueleza eneo la utafiti na kuambatisha ramani, na hapo ndipo msomaji hupata ramani ya Wilaya ya Ubungo, kwa sababu huko ndiko ilikokuwepo meza.

Sifa za pekee zinastahili kwenda kwa namna Kamati ilivyoineza fomula inayohusishwa na jina la mtakwimu Taro Yamane. Fomula hiyo hutumika kukadiria ukubwa wa sampuli, yaani sehemu ndogo ya watu inayochunguzwa kwa niaba ya wote, nayo huchukua idadi ya walengwa na kuigawa kwa moja kujumlisha idadi hiyo hiyo iliyozidishwa kwa mraba wa kiwango cha kosa. Wanafunzi wameigundulia uzuri mmoja, na huenda huo ndio ugunduzi pekee uliowahi kupita Kamatini: kiwango cha kosa kikiwekwa asilimia 10, jibu halivuki 100 kamwe. Kata yenye wakazi 2,400 hutoa watafitiwa 96. Wilaya yenye wakazi 60,000 hutoa 99.8, ambao kwa heshima ya mtu wa mwisho hufanywa 100. Dunia nzima, ikiwekwa katika fomula hiyo na watu wake wote, nayo hutoa 100, kwa hiyo mwanafunzi mwenye nauli ya daladala ya wiki mbili anaweza kuwachunguza wanadamu wote bila kuvuka Mbagala. Akithubutu kushusha kosa hadi asilimia 5, idadi hupanda kuelekea 400, na ndiyo maana hakuna anayethubutu.

Hao mia moja hupewa dodoso, karatasi ya maswali ambayo mama lishe, akiwa na sufuria ya maharage jikoni na wateja wawili wanaodai chenji, huombwa aonyeshe kama anakubali sana, anakubali, hana uhakika, hakubali au hakubali kabisa kwamba mazingira wezeshi ya kisera huchochea ustahimilivu wa biashara ndogo. Wengi hukubali sana, ili kijana aondoke. Zile dodoso ambazo hazikumpata mama lishe hujazwa usiku hosteli kwa kalamu za wino wa rangi mbalimbali, na inafaa kukiri kwamba usiku huo ndio wakati pekee ambapo mwanafunzi hulazimika kujiweka katika nafsi ya mtu mwingine na kuwaza kwa makini angejibu nini. Data hizo huingizwa katika programu ya takwimu ya SPSS na kutoka zikiwa majedwali yenye desimali tatu. Programu hiyo, jambo ambalo Mwongozo haulitaji, iliundwa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Stanford na vijana waliokuwa bado masomoni au ndio kwanza wametoka, wa fani zisizofanana, mmoja wao akisomea sayansi ya siasa, ambao walichoshwa na kutokuwa na chombo cha kujibia maswali yao. Kwa maneno mengine walianza na maswali, na kosa hilo la ujana halipaswi kuigwa.

Mwaka huo huo wa 1968 kosa kama hilo lilitokea nyumbani. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Idara ya Historia, katika chuo kilichokuwa wakati huo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, walishiriki katika Mradi wa Utafiti wa Maji Maji, uliohusisha wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa, wakaenda kuwasikiliza wazee waliokuwa na kumbukumbu za vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa dhidi ya Wajerumani 1905 hadi 1907. Vita hivyo vilikuwa vimeandikwa sana na waliovishinda. Wanafunzi hao wakaleta maneno ya waliopigana, waliokunywa ile dawa ya maji iliyoaminiwa kuwakinga na risasi na waliokimbilia porini, na makala zao zilizokusanywa pamoja bado zinatajwa na kila mtafiti makini wa vita hivyo. Kwa bahati mbaya hawakuwa na fomula. Mzee aliyeishi jirani na Ngarambe, kwa Kinjikitile, mganga wa dawa hiyo, na mzee aliyesikia habari hizo kwa mbali wangehesabiwa katika SPSS kuwa mtafitiwa mmoja na mtafitiwa mmoja. Wanafunzi wakawapa uzito tofauti kwa kutumia akili, mbinu ambayo haimo katika Sura ya Tatu.

Ingekuwa leo, Kamati ingewaokoa kwa utaratibu wa vibali. Barua ya utambulisho hutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye humwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ambaye humwandikia Mtendaji wa Kata, ambaye humwelekeza mwanafunzi kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye siku hiyo yuko semina. Utaratibu huu una nia njema, kwani wanakijiji wana haki ya kujua nani anawauliza maswali na kwa nini, lakini wazee wa mwaka 1968 walikuwa wakipungua kila msimu wa mvua, na mhuri wa mwisho ungewakuta watafitiwa wakiwa wametangulia mbele ya haki.

Halafu kuna madhara ya fani kuingiliana, maradhi ambayo kampasi ya Mlimani, Dar es Salaam, miaka ile ilikuwa imeyapata vibaya. Mwaka 1969 ilichapishwa Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein, zao la kampasi hiyo hiyo, na vita walivyovichunguza wanahistoria vikapanda jukwaani. Mwaka 1970, Issa Shivji, kijana aliyesomea sheria na ambaye kwa mantiki ya Kamati alipaswa kuzungumzia mikataba na mirathi, alichapisha katika jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche uchambuzi mrefu wa matabaka na uchumi wa Tanzania, na miongoni mwa wahariri wa jarida hilo alikuwamo Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati. Jarida likapigwa marufuku kabla mwaka haujaisha. Wakubwa wa wakati ule walilazimika kupiga marufuku maandishi yaliyokwisha kusomwa, gharama ambayo Kamati ya leo imeiepuka kwa ustadi, kwa kuhakikisha kwamba kinachoandikwa hakimsumbui mtu yeyote kiasi cha kutaka kukisoma.

Mfano ulio hatari kuliko yote ni wa Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963 alikuwa hata hajanusa lango la chuo kikuu. Akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, wakati wa kutengeneza aiskrimu, aliweka maziwa ya moto kwenye jokofu bila kusubiri yapoe, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza kwa nini, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza tena Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka, lakini mgeni akarudi kulijaribu jambo hilo maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ambayo imewaacha wanafizikia wakibishana hadi leo. Kamati ingelimaliza suala hilo kwa barua ya mistari miwili. Mapitio ya machapisho yangeonyesha kwamba Aristotle alikwisha kutaja maji yaliyopashwa moto kuganda upesi, kwamba kwa hiyo hakuna pengo la utafiti, yaani sehemu ambayo watangulizi hawakuigusa, na kwamba kijana abadili mada achunguze changamoto za matumizi ya jokofu katika shule za bweni, uchunguzi kifani wa Magamba.

Inasikitisha kuripoti kwamba wapo wanafunzi wa namna hiyo hata sasa. Hebu Kamati imfikirie binti wa mwaka wa tatu, mtoto wa mvuvi, anayetaka kuandika kuhusu bamvua na maji mafu. Bamvua ni kipindi cha mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni siku za katikati, ambapo tofauti hiyo huwa ndogo. Wavuvi wa pwani wana msamiati mpana wa hali hizi, wa pepo za kaskazi na kusi na wa samaki wanaokuja nazo, na binti huyo anataka kuupima msamiati huo kwa vipimo vya kina cha maji ili ajue maneno yanagawanya bahari mahali gani na kwa usahihi gani. Idara ya Kiswahili itamwambia, kwa upole, kwamba kujaa na kupwa ni fizikia. Idara ya sayansi za bahari itamwambia kwamba maneno si data. Kila msimamizi, yaani mhadhiri wa kumwongoza, atamsifu kwa wazo zuri kisha atamwelekeza ng'ambo ya barabara, na baada ya kuivuka mara kadhaa binti ataandika kuhusu mchango wa mitandao ya kijamii katika ufaulu, akatumia fomula, akapata watu 100, akapendekeza serikali iongeze bajeti. Pendekezo hilo, kwa kuwa hutolewa na tasnifu zote bila kujali matokeo, linaweza kuandikwa tangu siku ya kwanza, na stashenari nyingi huwa nalo tayari kwenye kompyuta.

Haidhuru pia kutaja kwamba utafiti ni miongoni mwa vipengele vinavyokopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na kwamba mhitimu mwenye deni hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Atakuwa analipia zile dodoso za wino wa rangi mbalimbali miaka kadhaa baada ya kabati la idara kujaa na tasnifu yake kuhamishiwa chini ya ngazi.

Kwa kuwa barua hii haina sampuli, haina eneo la utafiti na haikuambatisha ramani, inatarajiwa kwamba itarudishwa kwa marekebisho madogo. Kamati inaombwa, itakapoirudisha, iandike pembeni kwa wino mwekundu swali moja ambalo yenyewe ingependa kulijua jibu lake.

Nakala:
Katibu Tawala wa Mkoa.
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri.
Mtendaji wa Kata.
Mtendaji wa Kijiji (atakaporudi semina).
Binti wa bamvua, kupitia kwa msimamizi wake, akipatikana.